Mbuni Baada ya Maua Kuanguka

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Iyula, wilaya ya Mbozi)



Zipo siku tatu katika mwaka ambazo mgeni apitaye Iyula hana haja ya kuambiwa kwamba hii ni nchi ya kahawa. Mvua ya kwanza ikisha kunyesha, aghalabu mwezi wa Oktoba au Novemba, hupita siku 8 hadi 12 hivi, kisha mibuni yote huvaa nyeupe kwa pamoja, tawi kwa tawi, na harufu yake hufika hadi barabarani. Siku hizo hata mwenye shamba aliyekuwa amelisahau hupita kulitazama. Siku ya tatu maua huanza kugeuka rangi ya udongo. Muda si mrefu huanguka, na shamba hurudia hali yake ya kila siku. Mwenye shamba naye huchukua jembe akaenda kwenye mahindi.

Mazungumzo haya yanahusu yale yanayotokea tangu siku hiyo maua yanapoanguka hadi mwezi wa Machi. Katika miezi hiyo mbuni hauna cha kuonyesha, na ndiyo miezi ambayo mavuno ya Juni hupatikana au hupotea.

Yafaa kwanza kueleza ua lenyewe lilitoka wapi, kwa maana wapo wanaoamini kwamba mvua ndiyo iliyoleta ua. Chipukizi la ua lilikwisha kuwapo kwenye pingili ya tawi miezi mingi kabla ya mvua, likiwa limelala. Lilijengwa juu ya tawi lililoota katika masika yaliyotangulia, kwa chakula kilichotengenezwa na majani ya tawi hilo. Ukame wa Julai, Agosti na Septemba ulilishika chipukizi lisifunguke, na mvua ya kwanza ikalifungulia. Kwa hiyo kiangazi si adui wa mbuni kama inavyosemwa mara kwa mara barazani. Asili yake mbuni aina ya arabika ni misitu ya milimani ya Ethiopia, penye majira ya mvua na majira ya ukavu, na ukavu wa wiki kadhaa ndio unaofanya maua yafunguke kwa pamoja. Mahali ambapo mvua hunyesha mwaka mzima mbuni huchanua kidogo kidogo, na mvunaji hulazimika kulirudia tawi lile lile mara nyingi.

Pingili iliyokwisha kuzaa haitazamiwi kuzaa tena mazao ya maana. Mazao ya mwakani yatakaa kwenye pingili mpya, nazo huota katika miezi hii hii ambayo matunda ya mwaka huu yanakua. Mbuni mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kulea matunda yaliyokwisha kushika na kuotesha tawi litakalobeba matunda ya mwaka ujao. Chakula kikipungua, matunda ndiyo hupewa kwanza na tawi hukosa. Ndipo mkulima anapoona mavuno mengi mwaka mmoja na machache mwaka unaofuata, akasema kahawa ina mwaka wake wa kupumzika. Upungufu huo hutokana zaidi na njaa ya mti kuliko desturi yake.

Baada ya ua kuanguka kinachobaki kwenye pingili ni kitunda kidogo mno, kama kichwa cha pini. Hukaa hivyo kwa wiki 6 hadi 8 bila kuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Muda huu humdanganya hata mkulima mwenye uzoefu, kwa sababu akipita mwezi wa Desemba anaona hali ile ile aliyoiacha mwezi wa Novemba, na haoni sababu ya kuingia shambani. Kisha kitunda huanza kutanuka kwa kasi, na katika wiki zipatazo 10 zinazofuata hufikia karibu ukubwa wake wote. Wakati huo ndani yake mna maji tu na utando laini. Ukubwa wa punje hupimwa hapo, kwani ganda la ndani likisha kukakamaa punje haiwezi kuzidi nafasi iliyoachiwa. Mti uliokosa maji au chakula wakati wa kutanuka hutoa punje ndogo, na mbolea ya Aprili hairudishi kitu. Baadaye punje hujaa na kuwa ngumu, kisha huiva. Kutoka ua hadi tunda jekundu ni miezi 7 hadi 9.

Baadhi ya vitunda vitaanguka, na hilo lisimtie mwanachama hofu. Mbuni uliochanua sana hujipunguzia mzigo wenyewe. Lakini imempasa mwenye shamba ainame aviokote vilivyoanguka avitazame. Kitunda kilichoanguka kikiwa safi, cha manjano au cheusi chote kwa kukauka, kimeangushwa na mti. Kitunda chenye doa jeusi lililobonyea, kana kwamba limechomwa kwa kijiti cha moto, kimeuawa na chulebuni.

Chulebuni ni ugonjwa wa ukungu unaopenda baridi, unyevu na nchi ya juu, yaani hali zote alizopewa mkulima wa uwanda wa Mbozi. Uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu nchini Kenya mwaka 1922. Hushambulia tunda changa, na hatari yake ni kubwa hasa katika kipindi kile cha kutanuka. Mtu anayengoja kuona matunda meusi ndipo atafute dawa amechelewa, kwa kuwa dawa za shaba hazimponyi aliyekwisha kuugua. Kazi yake ni kulifunika tunda lililo zima ili ukungu usipate mahali pa kuota. Ndiyo maana unyunyizaji huanza maua yanapokuwa yameanguka, hata kabla, na kurudiwa kila wiki 3 hadi 4 mvua zinapoendelea. Mvua huisafisha dawa. Aliyenyunyiza mara moja mwezi wa Novemba akaacha, ametupa fedha yake.

Kutu ya majani ni ukungu mwingine, nao hauligusi tunda. Huonekana upande wa chini wa jani kama unga wa rangi ya chungwa, na jani huanguka kabla ya wakati wake. Kwa kuwa haugusi tunda, wakulima wengi huuhesabu kuwa ugonjwa mdogo. Kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka, kilikuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kahawa duniani hadi kutu ilipoingia mwaka 1869. Katika miaka isiyozidi 20 kilimo cha kahawa kilikuwa kimeporomoka, na mashamba yakageuzwa kuwa ya chai. Dunia inaijua Ceylon kwa chai kwa sababu ya ukungu huo. Jani ndilo jiko la mbuni. Tawi lililopukutika majani likiwa na matunda hunyonywa na matunda hayo hadi linakauka kuanzia nchani. Mwenye shamba huvuna punje nyepesi, na mwaka unaofuata tawi lenyewe halipo.

Ipo njia inayompunguzia mkulima gharama za pampu na dawa. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, yenye makao yake Lyamungu mkoani Kilimanjaro na kituo Mbimba hapa wilayani Mbozi, imetoa tangu mwaka 2005 aina kadhaa za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu. Sehemu ya ustahimilivu huo ulitokana na mbuni wa kisiwa cha Timor, ambao ni chotara wa arabika na robusta uliojizalisha wenyewe shambani. Aina hizo zinahitaji palizi, samadi na kupogolewa kama mbuni mwingine wowote. Yasemwa hivi kwa sababu yapo mashamba yaliyopandwa miche bora kisha yakaachwa, kana kwamba cheti cha mche ni kinga ya magugu.

Kuhusu wadudu itoshe kutaja wawili wanaohusika na majira haya. Kimatira hunyonya vichipukizi vya maua na vitunda vichanga, na hupenda mti uliofungamana matawi, wenye giza katikati. Mti uliopogolewa vizuri baada ya mavuno, ukaruhusu mwanga kuingia hadi shinani, haumpendezi. Bungua mweupe ni hatari zaidi. Mdudu mzima hutoka kwenye shina mvua zinapoanza na kutaga mayai kwenye gome, karibu na ardhi. Kiwavi huchimba chini ya gome akilizunguka shina, na dalili ya kwanza ni unga kama wa mbao za msumeno chini ya mti. Kwa hiyo wakati maua yanapoanguka mkulima atazame juu kwa ajili ya kimatira na chini kwa ajili ya bungua. Tundu likionekana, waya mwembamba hutosha kumfikia kiwavi. Mti mchanga uliokwisha kuzungukwa hauponi. Ung'olewe na kuchomwa. Tena, dawa ya wadudu isipigwe siku za maua. Mbuni wa arabika huweza kujichavusha, lakini nyuki humsaidia mkulima bila malipo, na wengi wa wenye mashamba Mbozi wana mizinga au jirani mwenye mizinga.

Sasa kuhusu chakula. Mizizi inayolisha mbuni iko juu juu, sehemu kubwa katika sentimita 30 za kwanza za udongo. Jembe linalopigwa kwa nguvu karibu na shina, kama linavyopigwa katika shamba la mahindi, huikata mizizi hiyo wakati vitunda vinapoihitaji. Magugu yaondolewe kwa kukwatua juu juu au kwa mkono, na matandazo yawekwe: mabua, majani ya migomba, nyasi zisizo na mbegu. Matandazo yaache nafasi kidogo kuzunguka shina, yasije yakawa nyumba ya bungua. Samadi iliyooza vizuri, debe moja au zaidi kwa mti, iwekwe kwenye mduara ulio chini ya ncha za matawi, mahali yanapodondokea maji ya mvua. Mbolea ya dukani igawanywe mara 2 au 3 katika masika, kila mara udongo ukiwa na unyevu. Kuimwaga yote kwa mara moja ni kuilisha mito.

Hapa pana jambo linalovihusu vyama moja kwa moja. Zinahitajika kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa safi. Katika kila kilo 5 za matunda, karibu kilo 2 ni maganda mekundu yanayomenywa siku ya kwanza mashineni. Maganda hayo yamebeba sehemu kubwa ya potasi ambayo tunda liliitoa ardhini. Penye mashine ya pamoja ya kumenyea huachwa yakioza rundo moja, na mvua inapokuja huteremka mtoni na kuharibu maji ya vijiji vya chini. Mwanachama aliyeleta matunda yake ameleta pia rutuba ya shamba lake, kisha anaondoka na stakabadhi ya uzito tu. Chama kinaweza kuyachimbia maganda mashimo mbali na mto, kuyachanganya na majani makavu na samadi, kuyageuza, na kuyagawa mwezi wa Oktoba kwa wanachama kwa kadiri ya kilo walizoleta. Gharama yake ni nguvu za mikono na tela la kukodi. Ni ajabu kuona chama kinaandika barua ya kuomba mbolea ilhali rundo hilo linafuka moshi nyuma ya ofisi.

Ndugu Wanachama, hakuna mkulima wa Iyula asiyejua kwamba magugu ni mabaya. Kinachomfanya asipalilie kahawa mwezi wa Desemba ni mahindi. Mvua ile ile iliyofungua ua ndiyo inayoita mbegu ya mahindi ardhini, na mahindi hayangoji. Mahindi ni chakula cha nyumba, tena ni fedha ya kupeleka Tunduma. Kumwambia mtu aache mahindi ashughulikie kahawa ni maneno ya mtu mwenye ghala lililojaa. Linalowezekana ni kuzipunguza kazi za kahawa zinazoangukia Novemba na Desemba kwa kuzitanguliza. Kupogoa, kuondoa matawi makavu, kuvuna masalio ya buni zilizobaki mtini na chini ya mti, kusomba samadi na kukata nyasi za matandazo, zote ni kazi za Agosti na Septemba, mwili ukiwa na nafasi. Masalio hayo ndimo anamojificha ruhuka, mdudu mdogo anayetoboa buni, akingoja matunda mapya. Kuyaacha mtini ni kumwekea akiba. Aliyefanya hayo katika kiangazi atabakiwa na palizi moja nyepesi na unyunyizaji. Aliyeyaacha atajikuta na kazi sita katika wiki ambayo punda na watoto wote wako kwenye mahindi.

Matandazo yaliyowekwa mapema yana adui mmoja, moto. Mioto ya Agosti hadi Oktoba huanzia kwenye shamba la mtu anayesafisha, au kwa wawinda panya, na hukimbia kwenye nyasi kavu hadi kwenye kahawa ya mtu mwingine. Kamati ya chama iliyo makini hukubaliana na serikali ya kijiji juu ya njia za kuzuia moto kabla ya kuwahimiza wanachama kutandaza nyasi.

Linafuata jambo ambalo katika mikutano husemwa kwa sauti ya chini. Katika nyumba nyingi jina lililo kwenye daftari la chama ni la mume, na jembe lililo kwenye kahawa mwezi wa Desemba ni la mke. Fedha ya kahawa hulipwa kwa jina lililo daftarini. Mama anapokuwa na saa mbili za kuchagua kati ya mahindi yatakayolisha watoto na kahawa ambayo hajui fedha yake ilikwenda wapi mwaka uliopita, atachagua mahindi, na ni vigumu kumlaumu. Masharti ya ushirika hayamkatazi mke kuwa mwanachama. Chama kinachotaka kahawa ipaliliwe baada ya maua kuanguka kina sababu ya kuuliza ni nani anayepalilia, na jina lake limeandikwa wapi.

Mahindi na mikono ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni fedha. Mwezi wa Desemba fedha ya msimu uliopita imekwisha, na Januari inakuja na sare, daftari na michango ya shule. Mtini kuna vitunda ambavyo mwenye macho anaweza kuvihesabu. Mkoani Kagera biashara ya kuuza kahawa ikiwa ingali ua au kitunda inaitwa butura, na Serikali imeipiga vita mara nyingi. Mtu wa Iyula anaweza asilijue neno hilo, lakini biashara yenyewe hufuata shida popote ilipo. Chukua mfano. Mwenye shamba anapokea shilingi 100,000 mwezi wa Desemba kwa ahadi ya kahawa ambayo mwezi wa Juni itakuwa na thamani ya shilingi 250,000. Katika miezi 6 amelipa riba ya shilingi 150,000 kwa mkopo wa 100,000, na hakuna benki nchini ambayo ingethubutu kumdai hivyo. Tena hasara haikomei hapo. Aliyekwisha kuuza kitunda hana sababu ya kukinyunyizia dawa wala kukiwekea samadi. Mnunuzi naye hataki gharama. Mti unabaki bila mwenyewe katika miezi minne inayouamua, na tawi la mwakani halioti. Mwaka unaofuata shida ni kubwa zaidi, na mnunuzi yule yule yupo mlangoni.

Vyama vya ushirika viliwahi kuwa na jibu la jambo hili. Mwanachama alipewa dawa na mbolea kabla ya masika, na thamani yake ikakatwa alipoleta kahawa. Utaratibu huo ulitikisika vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976 na kazi yake kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Ulipata pigo kubwa zaidi wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuanzia msimu wa 1994/95. Mkulima aliweza kuchukua dawa huku na kuuza kahawa kule, na baada ya misimu michache hapakuwa na aliyekuwa tayari kukopesha. Waliokuwa waaminifu walikosa pembejeo pamoja na wasiokuwa waaminifu. Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe tena kupitia vyama vya msingi. Watu wanaweza kubishana juu ya faida na hasara za agizo hilo, na haki ya kubishana wanayo. Lakini kwa habari ya mbuni baada ya maua, lilirudisha kitu kimoja kilichokuwa kimepotea: mahali ambapo deni la Novemba na kahawa ya Juni hukutana katika daftari moja. Chama ambacho kina nafasi hiyo, kisha dawa yake ikafika ghalani mwezi wa Februari, kimekosa kuitumia. Chulebuni imekwisha kula.

Wapo watakaosema bei ndiyo inayoamua, na bei ikiwa mbaya hakuna haja ya kujisumbua. Usiku wa baridi kali wa Julai 1975 katika jimbo la Paraná nchini Brazil uliunguza mibuni kwa mamia ya mamilioni, na bei ya dunia ikapanda hadi kilele mwaka 1977. Mwezi wa Julai 1989 mapatano ya kimataifa ya kugawana soko yalipovunjika, bei ilianguka kwa kiasi cha nusu katika muda mfupi. Mwezi wa Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa ratili kwenye soko la New York, bei ambayo haikuwahi kufikiwa. Hakuna katibu aliyeweza kuitabiri hata mojawapo ya miaka hiyo. Mbuni uliotelekezwa ukikatwa kisiki na kufufuliwa huchukua kama miaka 2 kabla ya kutoa mavuno ya maana. Uliong'olewa na kupandwa upya huchukua 3 au zaidi. Bei njema haikai muda huo ikingoja. Waliofaidika na bei ya 2025 ni wale ambao mibuni yao ilitunzwa mwaka 2023, bei ikiwa ya kawaida.

Ndugu Makatibu, kwenu liko pendekezo moja lisilohitaji bajeti. Kila chama kinalo daftari la mizani, na baadhi ya vyama vina daftari la wanachama lenye idadi ya mibuni. Ni vigumu kupata chama chenye daftari la maua. Katika daftari hilo katibu, kwa msaada wa mjumbe mmoja wa kila kitongoji, aandike tarehe ambayo maua mengi yalifunguka. Iyula haichanui siku moja yote. Mvua ya kwanza huweza kunyesha upande mmoja wa kata na kuruka upande mwingine kwa wiki 2. Wakati mwingine huchanua mara mbili au tatu, na kila mara iandikwe, pamoja na makadirio kama maua yalikuwa mengi, ya kiasi au machache.

Kutokana na tarehe hiyo moja mambo mengi huhesabika kwa vidole. Wiki 3 au 4 mbele ni zamu ya kunyunyiza tena. Wiki 6 hadi 8 mbele vitunda vitaanza kutanuka, na mbolea ya pili iwe imekwisha kuwafikia wanachama wa kitongoji hicho, si lazima siku moja na wenzao. Miezi 7 mbele matunda ya kwanza mekundu yataonekana, hivyo chama kinajua ni lini mashine iwe imekwisha kutengenezwa na vichanja vya kuanikia viwe vimekwisha kufungwa wavu mpya. Mara ngapi mashine hufunguliwa kukaguliwa wiki ambayo foleni ya madebe imekwisha kufika mlangoni! Tunda lililovunwa jekundu asubuhi na kumenywa siku ya pili jioni limekwisha kuchacha, na kazi ya miezi 8 huandikwa daraja la chini kwa sababu ya boliti.

Makadirio ya maua yaandikwe pia kwa jicho la tahadhari. Maua mengi si kahawa nyingi. Kati yake na mizani kuna ukame wa Desemba, chulebuni na mawe ya mvua. Kwa hiyo mwishoni mwa Januari wajumbe warudi kwenye mibuni ile ile, tuseme 10 kwa kila kitongoji, wakahesabu vitunda kwenye matawi machache yaliyofungwa kitambaa, na namba hiyo iandikwe kando ya ile ya maua. Chama kikuu kinapokwenda kuomba mkopo wa msimu, namba za Januari kutoka vitongojini zina uzito kuliko maneno ya mwenyekiti. Baada ya misimu 3 au 4 chama kitajua chenyewe ni sehemu gani ya ua la Iyula hufika kwenye mizani, na kitongoji kipi hupoteza zaidi.

Daftari la kurasa 96 linatosha kwa miaka mingi. Liwekwe mahali pakavu, mbali na la mizani, na liandikwe kwa kalamu ya wino. Jina la mjumbe aliyeleta tarehe liwekwe mbele ya tarehe yake, ili ikitokea shaka aulizwe yeye. Mvua ya kwanza ikinyesha usiku wa leo, siku ya kuanza kutazama matawi itakuwa mwisho wa wiki ijayo.